Dubai hadi Guangzhou kwa ndege: namna ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari

Waulize watu watatu waliokwisha kwenda Guangzhou kupitia Dubai safari ile huchukua saa ngapi, utapata majibu matatu. Wa kwanza atasema saa saba. Wa pili atasema saa nane na nusu. Wa tatu atatoa tiketi, ataonyesha kuondoka 10:30 na kufika 21:45, kisha atakwambia ni saa kumi na moja na robo, imeandikwa hapa. Hakuna anayedanganya kati yao. Wa kwanza anazungumzia kwenda, wa pili anazungumzia kurudi, na wa tatu ametoa saa ya Dubai kwenye saa ya Guangzhou bila kukumbuka kwamba miji hiyo haitumii saa moja.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh, tofauti hiyo ina gharama. Ndiyo inayoamua kama utaiwahi ndege ya kuunganisha, kama utafika treni za chini ya ardhi zikiwa bado zinatembea, na kama miadi na mwenye kiwanda uiweke kesho asubuhi au kesho kutwa. Hesabu yenyewe haihitaji wakala. Simu yako inatosha, na ukishaielewa kwa njia hii moja utaitumia kwa miji yoyote miwili ya Asia.

Hatua ya 1: Anza na viwanja, usianze na miji

Mji mmoja unaweza kuwa na viwanja kadhaa, na umbali hupimwa kutoka kiwanja hadi kiwanja. Tazama herufi tatu zilizo kwenye tiketi. DXB ni kiwanja kikuu cha Dubai, kile kilicho jirani na mtaa wa Deira. DWC ni Al Maktoum, kiko mbali upande wa kusini, karibu na Jebel Ali. SHJ ni Sharjah, falme nyingine kabisa ingawa wengi hulala Dubai na kupandia ndege huko kwa sababu ya nauli. Upande wa China, CAN ni kiwanja cha Baiyun cha Guangzhou. Herufi hizo zimetokana na Canton, jina ambalo Wazungu waliuita mji huo zamani. SZX ni Shenzhen na HKG ni Hong Kong.

Wapo wanaokata tiketi ya Hong Kong kwa sababu ni nafuu, wakijua Guangzhou iko jirani. Ni jirani kweli, treni ya kasi kutoka kituo cha West Kowloon huchukua kama saa moja. Lakini utapita uhamiaji wa Hong Kong uwanjani, kisha uhamiaji mwingine wa kuingia China bara, na mizigo yako utaikokota mwenyewe kote huko. Ukiiweka hiyo kwenye hesabu, mara nyingi unafuu unayeyuka.

Mwongozo huu unatumia DXB na CAN.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umbali

Fungua ramani kwenye simu, bonyeza kiwanja kwa muda kidogo, na utaona namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta kwa digrii. Ya pili ni longitudo, yaani umbali kutoka mstari wa Greenwich kwa digrii. Kwa viwanja vyetu ni hizi:

DXB: 25.25 kaskazini, 55.36 mashariki
CAN: 23.39 kaskazini, 113.30 mashariki

Sasa fungua kikokotoo na uilaze simu ili vitufe vya sin na cos vijitokeze. Hakikisha kimewekwa kwenye digrii. Kwa kawaida utaona DEG mahali fulani kwenye kioo. Kikiwa kwenye RAD, kipimo kingine cha pembe, majibu yote yatatoka ya ajabu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawajui hesabu.

Kwanza, zidisha sin ya latitudo moja kwa sin ya latitudo nyingine: sin 25.25 × sin 23.39 = 0.16934.

Pili, toa longitudo ndogo kwenye kubwa: 113.30 − 55.36 = 57.94. Kisha zidisha cos tatu: cos 25.25 × cos 23.39 × cos 57.94 = 0.44064.

Tatu, jumlisha: 0.16934 + 0.44064 = 0.60998, yaani 0.6100.

Nne, tafuta pembe ambayo cos yake ni 0.6100. Kitufe chake huandikwa cos⁻¹. Utapata digrii 52.41.

Tano, zidisha kwa 111.2, kwa kuwa digrii moja ya mzingo wa dunia ni takriban kilomita 111.2. Jibu ni kilomita 5,828.

Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na digrii moja ina maili 60, hivyo kwao ni kama maili 3,145. Ukilinganisha na mtandao wa Great Circle Mapper, ambao hufanya hesabu hii ukiandika tu DXB-CAN, utakuta wamepishana nawe kilomita chache. Sababu ni kwamba dunia si duara kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha. Katika safari ya karibu kilomita elfu sita, tofauti hiyo haina uzito.

Kwa nini basi kuhangaika na hesabu wakati mtandao upo? Kwa sababu ukiifanya mara moja kwa mkono utajua namba ile inapima nini hasa. Inapima njia fupi kuliko zote juu ya mgongo wa dunia. Haipimi njia ambayo ndege itapita.

Hatua ya 3: Fuata njia ya kweli

Ramani ya ukutani inatupotosha. Dubai na Guangzhou zimekaribiana sana kwa latitudo, kwa hiyo macho hukwambia njia fupi ni mstari ulionyooka kwenda mashariki. Njia fupi ya kweli hupinda kwenda kaskazini. Huvuka Ghuba ya Oman na kusini mwa Iran au bahari jirani nayo, huingia Pakistan, hupita karibu kabisa na Agra ambako kuna Taj Mahal, hugusa Nepal ya kusini, hukaribia Darjeeling, huvuka kaskazini mwa Myanmar na kuingia Yunnan, jimbo la kusini-magharibi mwa China, kaskazini kidogo ya mji wa Kunming. Kwa miji hii miwili mpindo huo huokoa kilomita chini ya 50 tu. Kwa miji ya kaskazini zaidi, kama Tashkent na Tokyo, huokoa nyingi zaidi.

Tazama majina hayo tena: Nepal, Darjeeling. Hapo ni miguuni pa Himalaya. Ndege ya abiria huruka juu ya milima yote duniani bila shida, kwa kuwa huenda kimo cha mita 10,000 hadi 12,000. Shida ni dharura. Hewa ya ndani ikipungua, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi kama mita 3,000 ambako watu wanaweza kupumua bila barakoa, na juu ya milima mirefu kimo hicho hakipo. Kwa hiyo ndege nyingi za njia hii hukaa kusini zaidi, juu ya tambarare za India, kisha Bangladesh na Myanmar, ndipo ziingie Yunnan. Ongeza na jambo jingine: anga la China sehemu kubwa iko mikononi mwa jeshi, na ndege za kiraia hupewa njia maalumu ambazo ni nyembamba na hujaa.

Kisha kuna siasa. Anga likifungwa, ramani hubadilika usiku mmoja. Juni 2025, vita vya Iran na Israel vilipoanza, Iran ilifunga anga lake na ndege za Ghuba zikalazimika kuzunguka au kubaki chini. Aprili 2025 Pakistan iliyafungia mashirika ya ndege ya India anga lake, na India ikafanya vivyo hivyo kwa mashirika ya Pakistan. Ndiyo maana ndege ya shirika la India kutoka Delhi kwenda Ghuba na ya shirika la Ghuba katika njia ileile zinaweza kutofautiana muda, ingawa umbali wa kikokotoo ni mmoja. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Urusi. Baada ya anga lake kufungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya Helsinki hadi Tokyo ilipanda kutoka saa tisa na nusu hivi hadi karibu saa kumi na tatu.

Kwa matumizi yako, ongeza asilimia 3 hadi 5 juu ya umbali wa kikokotoo. Kwa Dubai na Guangzhou chukua kilomita 6,000, hutakuwa mbali na ukweli.

Hatua ya 4: Geuza kilomita kuwa saa, na usisahau upepo

Ndege kubwa kama Boeing 777 au Airbus A380 ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini haianzi na mwendo huo wala haimalizi nao. Kanuni nyepesi ninayoitumia ni hii: gawa umbali wa kikokotoo kwa 850, kisha ongeza nusu saa ya kupaa na kutua. 5,828 ÷ 850 ni saa 6 na dakika 51. Ongeza nusu saa, unapata saa 7 na dakika 21. Hilo ni jibu la siku isiyo na upepo, nayo siku hiyo haipo.

Nahodha wa jahazi aliyetoka Muscat kuja Unguja hakuwahi kuulizwa maili tu, aliulizwa anakuja na kaskazi au anarudi na kusi. Juu angani ni vivyo hivyo. Katika kimo ambacho ndege huruka, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kati ya Desemba na Februari mkondo huo hupita juu ya Uarabuni, kaskazini mwa India na kusini mwa China, njia yako hasa. Mara nyingi huzidi kilomita 200 kwa saa, na kuelekea Japani hufika zaidi ya 300.

Tuseme upepo wa wastani wa njia nzima ni kilomita 100 kwa saa, na ndege yenyewe inakata hewa kwa 890. Ukienda Guangzhou unasukumwa: 890 + 100 ni 990, na kilomita 6,000 zinaisha kwa saa 6 na dakika 4. Ukirudi unapingwa: 890 − 100 ni 790, na kilomita zilezile zinachukua saa 7 na dakika 36. Ni ndege ileile na njia ileile, na umepoteza saa moja na nusu kwa upepo tu.

Kati ya Juni na Septemba mambo hugeuka. Mkondo ule husogea kaskazini ya Tibet, na juu ya India ya kusini hutokea pepo zinazovuma upande wa pili, kutoka mashariki. Basi tofauti ya kwenda na kurudi hupungua sana. Ukienda kwenye Maonyesho ya Canton, yale yanayofanyika Guangzhou masika na vuli tangu 1957, utakuta hali ya katikati: Aprili upepo ule mkali unaisha, Oktoba unaanza kurudi.

Hatua ya 5: Soma tiketi kama inavyopaswa kusomwa

Muda wote kwenye tiketi ni wa pale ndege ilipo. Muda wa kuondoka ni wa Dubai, muda wa kufika ni wa Guangzhou. Dubai iko saa 4 mbele ya saa ya Greenwich, Guangzhou saa 8. Kwa hiyo Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, na mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa 5. Hakuna hata mmoja kati ya miji hii unaosogeza saa wakati wa kiangazi, kwa hiyo tofauti ni hiyohiyo mwaka mzima. China nzima, pamoja na upana wake wote, hutumia saa moja rasmi, ya Beijing.

Njiani kati ya miji hiyo utapita juu ya nchi zenye saa za nusunusu: India ni 5 na nusu, Nepal ni 5 na dakika 45, Myanmar ni 6 na nusu. Hazikuhusu ukiwa unapita tu, ila ukiunganisha ndege Delhi au Mumbai usizipuuze. Nusu saa inatosha kukuachisha ndege.

Kanuni ya kwenda mashariki: toa muda wa kuondoka kwenye muda wa kufika, kisha punguza tofauti ya saa za miji. Tuchukue tiketi ya yule mtu wa tatu: 21:45 kutoa 10:30 ni saa 11 na dakika 15. Punguza 4. Muda wa safari ni saa 7 na dakika 15.

Kanuni ya kurudi magharibi: fanya vivyo hivyo, lakini ongeza. Tuseme unaondoka Guangzhou 00:30 na kufika Dubai 05:05. Ni saa 4 na dakika 35. Ongeza 4, unapata saa 8 na dakika 35.

Ukiona +1 pembeni ya muda wa kufika, maana yake unafika siku inayofuata, na unajumlisha 24 kabla ya kutoa.

Mtu makini atauliza: mbona hesabu ya upepo ya hatua ya nne ilitupa pungufu ya hapo? Kwa sababu tiketi haipimi muda wa angani. Inaanza ndege inapoachana na geti na inaisha inapofika geti la pili. Katikati kuna foleni ya kuruka Dubai, kiwanja ambacho kwa miaka mingi kimeongoza duniani kwa abiria wa kimataifa, na kuna mwendo mrefu wa ardhini Baiyun, kiwanja ambacho mwaka 2020 kilikuwa na abiria wengi kuliko kingine chochote duniani. Mashirika pia huongeza dakika za akiba ili ndege isionekane imechelewa kila siku. Ukitaka kujua ukweli wa ndege yako, chukua namba yake na uitafute kwenye Flightradar24, mtandao wa kufuatilia ndege. Utaona siku chache zilizopita iliruka muda gani hasa na ilitua muda gani. Mimi huiamini orodha hiyo kuliko maelezo ya mtu yeyote.

Hatua ya 6: Badilisha kuwa saa ya Kiswahili kwa uangalifu

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo watu wetu huumia.

Tiketi huandika siku kuanzia saa sita usiku. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapotua. 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi, na hilo halimpi mtu taabu. 21:45 ni saa nne kasorobo usiku, bado ni rahisi. Taabu iko kwenye 00:30.

00:30 ya tarehe 15 ni saa sita na nusu usiku, lakini ni usiku upi? Ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Yaani jioni ya tarehe 14, watu wakimaliza chakula cha usiku, wewe unatakiwa uwe njiani kwenda uwanjani. Anayesoma "tarehe 15, saa sita na nusu usiku" kwa mazoea ya nyumbani hushinda tarehe 15 nzima sokoni, hufunga mizigo jioni, hufika uwanjani kwa furaha, na ndege yake ilikwishaondoka tangu jana usiku. Ndege nyingi za kutoka Guangzhou kuelekea Ghuba huondoka usiku wa manane, kwa hiyo mtego huu si wa nadharia.

Ukipata tiketi yoyote yenye muda unaoanzia 00:00 hadi 05:59, andika pembeni kwa mkono wako: "Niwe uwanjani usiku wa tarehe fulani", ukitaja tarehe ya jana yake. Na mtu wa nyumbani anayekupangia safari mwandikie hivyohivyo kwa ujumbe wa maandishi. Usimtajie kwa mdomo.

Kwa Waislamu kuna hesabu nyingine. Ukiondoka Dubai 10:30 kwenda mashariki, unalifuata giza. Mchana wako unakatwa saa kama nne. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zitaingia ukiwa angani, na kwa haraka kuliko ulivyozoea. Jua la Guangzhou huzama kati ya 17:40 na 19:20 kutegemea majira, kwa hiyo ukitua 21:45 usiku utakuwa umeshaingia zamani. Ukiwa umefunga katika safari hiyo, funga yako itakuwa fupi. Ukisafiri mchana kurudi magharibi itarefuka kwa kiasi hichohicho, nalo ni jambo la kulifikiria kabla ya kukata tiketi ya mchana katika mwezi wa Ramadhani.

Hatua ya 7: Hesabu kutoka mlango hadi mlango

Saa 7 na robo za tiketi si safari yako. Safari yako inaanzia hoteli ya Deira na inaishia kitandani Xiaobei au Sanyuanli, mitaa ambayo Waafrika wengi hufikia Guangzhou.

Kwa ndege ya 10:30, uwe uwanjani 07:30, yaani saa moja na nusu asubuhi. Deira iko karibu, toka hotelini 07:00. Angalia jengo la kuondokea kabla ya kuita teksi: Emirates wako Terminal 3, na Terminal 2 iko upande wa pili wa kiwanja, huendi kwa miguu.

Unatua 21:45. Baiyun kuna foleni ya uhamiaji, alama za vidole, kisha mizigo. Weka saa moja na robo. Umetoka nje 23:00.

Sasa usafiri wa mjini, kama kilomita 28. Treni ya chini ya ardhi, Laini 3, huanzia uwanjani. Unashuka Jiahewanggang, unachukua Laini 2 hadi Sanyuanli, au unasonga kituo kimoja zaidi hadi Guangzhou Railway Station na kuchukua Laini 5, kituo kimoja tu, mpaka Xiaobei. Ni nafuu na haina msongamano wa magari. Lakini treni hufunga kuelekea usiku wa manane, na kwa ndege hii usizitegemee. Utachukua teksi ya rasmi kwenye foleni yake, kama dakika 45. Jina na anwani ya hoteli viwe vimeandikwa kwa Kichina kwenye simu kabla hujaondoka Dubai, kwa sababu dereva hatasoma herufi zetu, na huduma za Google hazifanyi kazi kwenye intaneti ya China. Weka Alipay, programu ya kulipia kwa simu, mapema na uiunganishe na kadi yako.

Umefika hotelini 23:45 ya Guangzhou. Ulitoka hoteli ya Deira 07:00 ya Dubai, ambayo Guangzhou ilikuwa 11:00. Safari nzima ni saa 12 na dakika 45, karibu mara mbili ya zile saa saba za mtu wa kwanza. Na saa ya mwilini mwako, kama umetoka Afrika Mashariki siku hiyohiyo au jana yake, bado inasoma saa moja kasorobo jioni. Hutalala mapema. Miadi ya kiwandani saa mbili asubuhi kesho yake ni kujiadhibu, kwa maana kwa mwili wako itakuwa saa tisa usiku. Iweke mchana, na asubuhi toka nje upate jua, ndilo linalorekebisha usingizi kuliko dawa.

Ukiunganisha kutoka nyumbani

Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 3,970. Jumlisha na 5,828, utapata karibu 9,800. Dar hadi Guangzhou kwa njia fupi ni karibu 8,700. Kupitia Dubai kunaongeza kilomita 1,100 hivi, sawa na saa moja na robo ya kuruka, juu ya muda wa kusubiri. Ukiona nauli ya moja kwa moja inazidi ile ya kupitia Dubai, gawa tofauti hiyo kwa saa utakazookoa, uone kama kila saa ina thamani hiyo kwako.

Jambo moja lisikupite. Tiketi mbili ulizozikata mbalimbali si tiketi moja yenye kituo. Kwenye tiketi moja mizigo yako hupitilizwa na ndege ya kwanza ikichelewa shirika linawajibika kukupa nyingine. Kwenye tiketi mbili unatakiwa uingie Dubai kwa viza, uchukue mizigo, uikabidhi upya, na ukichelewa hasara ni yako. Kwa tiketi moja, saa mbili na nusu za kusubiri zinatosha. Kwa tiketi mbili sikushauri chini ya saa sita, na kama zinabadilisha jengo, lala Dubai.

Njia nyingine kwa kanuni hiyohiyo

Guangzhou hadi Bangkok ni kama kilomita 1,710. Gawa kwa 850, ongeza nusu saa: saa 2 na nusu. Tiketi itasema karibu saa 3. Bangkok iko nyuma ya Guangzhou kwa saa moja.

Delhi hadi Mumbai, njia ambayo wagonjwa wengi wa kwetu hupita wakitafuta hospitali, ni kilomita 1,140 hivi. Kanuni inatoa saa 1 na dakika 50, tiketi husema zaidi ya saa 2 kwa sababu Mumbai ndege husubiri zamu ya kutua. Saa ni moja, India yote.

Dubai hadi Muscat ni kilomita 350. Kanuni inatoa dakika 55, tiketi husema saa moja na dakika kumi au zaidi. Kwa umbali mfupi namna hii ndege haipati nafasi ya kufika mwendo wake, na sehemu kubwa ya muda ni ya ardhini. Ukihesabu kuwahi uwanjani na kupita uhamiaji mara mbili, basi la kupitia mpaka wa Hatta halipitwi mbali sana, mradi viza yako inaruhusu kuvuka kwa barabara.